Insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku: kuihifadhi, kuivuta, kuichoma na kusoma sukari yako

Anayetumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 ambayo wengi wanaiita Mixtard hata kama chupa imeandikwa jina lingine, hutoka kliniki na namba mbili: yuniti kadhaa asubuhi, yuniti kadhaa jioni. Akirudi mwezi unaofuata sukari ikiwa bado 14 (milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari humu), dozi inaongezwa. Lakini mara nyingi kasoro haiko kwenye dozi. Chupa haikuzungushwa vizuri, bomba la sindano si la dawa hiyo, sindano inapigwa kila siku palepale penye uvimbe, au chakula kinachelewa saa nzima. Dozi ikiongezwa juu ya makosa hayo, siku moja kosa linajirekebisha lenyewe na sukari inaanguka mpaka mtu anazirai.

Kwa hiyo kabla hujakubali yuniti zaidi, kagua njia yote dawa inayopita kutoka inapohifadhiwa hadi inapoingia mwilini. Yuniti zako anapanga daktari. Namba zilizomo humu ni za kukusaidia kumwelewa na kumweleza, si za kujipangia dozi mpya.

Kilichomo ndani ya chupa

Insulini ya mchanganyiko ni dawa mbili kwenye chupa moja. Asilimia 30 ni insulini ya haraka: inaanza kazi kama nusu saa baada ya kuchomwa, inakuwa na nguvu zaidi kati ya saa ya pili na ya nne, na kufikia saa ya nane imekwisha. Asilimia 70 ni insulini ya taratibu, NPH, ambayo ni chembe nyeupe zinazoelea kwenye maji. Hiyo inaanza baada ya saa moja hadi mbili, inafika kileleni wakati wowote kati ya saa ya nne na ya kumi na mbili, na inaweza kuendelea saa kumi na nane au zaidi.

Hapo ndipo ratiba yako inapotoka. Ukichoma saa moja asubuhi, sehemu ya haraka inashughulikia chai ya asubuhi na sehemu ya taratibu inakuwa na nguvu mchana. Chakula cha mchana si hiari tena: dawa imeshaingia na itafanya kazi ule au usile. Ukichoma saa moja jioni, sehemu ya haraka ni ya chakula cha usiku, na ile ya taratibu inafika kileleni ukiwa usingizini. Ndiyo maana dawa hii ikizidi jioni huleta shida usiku wa manane.

Mtu ambaye hali kwa ratiba, dereva wa masafa au mlinzi wa zamu kwa mfano, amweleze daktari mapema. Wapo wanaohitaji mpango mwingine kabisa, wa insulini ya taratibu peke yake na ya haraka wakati wa kula, na hakuna namna ya kuchezea mchanganyiko ikaziba pengo hilo.

Ukikabidhiwa chupa dirishani soma jina na namba, usitegemee rangi ya lebo peke yake. Kwa kawaida mchanganyiko wa 30/70 una alama ya kahawia, insulini ya haraka ina njano, na NPH ina kijani. Ya haraka ni maji maangavu. Hizo mbili zingine zina ukungu baada ya kuzungushwa. Kama umezoea dawa ya ukungu na safari hii umepewa maangavu, rudi dirishani kabla hujaondoka.

Kuhifadhi: friji, na nyumba isiyo na friji

Chupa ambayo haijafunguliwa inakaa friji kati ya nyuzi 2 na 8. Iweke rafu ya katikati au ya chini, mbali na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda imeharibika; ikiyeyuka inaweza kuonekana nzima kabisa, lakini haifai. Itupe.

Chupa unayoitumia si lazima ikae friji. Inaweza kukaa nje kwenye kivuli wiki nne, kisha inatupwa hata kama dawa imebaki. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayechoma 20 asubuhi na 10 jioni anatumia 840 kwa siku 28, kwa hiyo 160 zinabaki na zinamuuma kuzimwaga, hasa kama alinunua. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika. Bila tarehe, wiki nne huwa saba.

Nyumba isiyo na umeme ina chungu. Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine kikiacha nafasi ya vidole viwili, jaza mchanga katikati, umwagie maji mchanga asubuhi na jioni. Chupa itie ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa au kopo dogo lenye mfuniko, kisha iweke ndani ya chungu cha ndani na ufunike kwa kitambaa kibichi. Chungu kikae kivulini panapopita upepo, kwa sababu kinachopoza ni maji yanayokauka. Hapo utaona tofauti ya mahali: Dodoma au Garissa, penye hewa kavu, chungu kinapoza vizuri, Dar es Salaam na Mombasa, hewa ikiwa imejaa unyevu, kinapoza kidogo tu. Hata hivyo kinaizuia dawa isipate joto la mchana lililo chini ya bati.

Kuna ushahidi wa kutuliza wasiwasi kidogo. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi kambi ya Dagahaley, Dadaab, likawa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiga joto hilo maabara kwa wiki nne, na insulini ikabaki na nguvu kama iliyokaa kwenye baridi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Usiyasome kupita kiasi: ni wiki nne, ni ndani ya nyumba, na si juu ya dashibodi ya gari wala dirishani penye jua.

Kabla ya kila sindano, iangalie chupa kwenye mwanga. Ikiwa baada ya kuzungushwa bado kuna vipande vyeupe vinaelea kama maziwa yaliyokatika, au kuna utando wa chembe umeng'ang'ania ukuta wa kioo, dawa hiyo imekufa. Fungua nyingine.

Bomba

Insulini inayouzwa kwetu siku hizi ni ya yuniti 100 kwa mililita moja. Bomba lake limeandikwa U-100 na mara nyingi lina kifuniko cha rangi ya chungwa. Mabomba ya U-40, kwa kawaida yenye kifuniko chekundu, bado yanapatikana huku na kule. Ukivuta hadi alama ya 20 kwenye bomba la U-40, umevuta nusu mililita, yaani yuniti 50 za dawa yetu. Hiyo ni dozi mara mbili na nusu.

Kosa la pili ni la kuhesabu vistari. Bomba la mililita 1 lina nafasi ya yuniti 100, na kila kistari kidogo ni yuniti 2. Bomba la nusu mililita lina yuniti 50, na kila kistari ni yuniti 1. Mtu aliyezoea la nusu mililita akipewa la mililita 1, akahesabu vistari 12 kwa mazoea, amevuta 24. Soma namba iliyoandikwa kwanza, ndipo uhesabu kutoka hapo. Kama dozi yako haizidi 50, omba la nusu mililita. Vistari vyake vinasomeka vizuri zaidi, na ndilo pekee kati ya hayo mawili linaloweza kupima 13 au 17.

Bomba la kawaida la mililita 2 au 5 lisiguse insulini kamwe. Mililita 0.1 tu, ambayo kwenye bomba hilo huioni vizuri, ni yuniti 10.

Mzee asiyeona vistari asiachiwe kazi hii peke yake. Kama anaishi na mjukuu anayesoma, mjukuu avute na babu achome. Muuguzi awafundishe wote wawili siku moja.

Kuvuta na kuchoma

1. Pima sukari kwanza kama una kipimo. Ikiwa chini ya 4, usichome bado. Tibu sukari iliyoshuka (maelezo yako chini), ngoja ipande, kisha choma wakati chakula kiko mezani tayari.

2. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe.

3. Laza chupa kati ya viganja na uibiringishe taratibu mara 20, ukiipindua juu chini mara kadhaa katikati. Usiitikise kama dawa ya kikohozi. Inatoa povu, na povu linaingia kwenye bomba likichukua nafasi ya dawa. Umemaliza pale ambapo maji yote yana rangi moja nyeupe na chini hapana tope. Hatua hii inarukwa kuliko nyingine zote. Chembe za NPH zikiwa zimelala chini, leo unavuta dawa ya haraka nyingi kuliko inavyotakiwa, kesho unavuta ya taratibu tupu, na sukari inapanda na kushuka bila sababu unayoiona.

4. Futa mpira wa chupa kwa spiriti, uache ukauke.

5. Vuta hewa ndani ya bomba kiasi sawa na dozi yako. Dozi ikiwa 20, vuta hewa hadi 20, choma kwenye mpira na uisukume ndani. Usipofanya hivyo, chupa inazidi kunyonya kila siku, na kufikia wiki ya pili dawa inakataa kutoka.

6. Pindua chupa juu chini, ncha ya sindano ikiwa ndani ya dawa, vuta kupita dozi kidogo. Gonga bomba kwa ukucha mapovu yapande, yarudishe kwenye chupa, kisha simamisha ukingo wa mpira wa pistoni kwenye namba yako sawasawa. Povu dogo halitakuua. Ubaya wake ni kwamba limekaa mahali pa yuniti mbili au tatu ambazo hukuzipata.

7. Chagua mahali. Tumboni, vidole viwili au zaidi mbali na kitovu pande zote, dawa inaingia haraka zaidi. Mapajani, upande wa mbele na nje, inaingia polepole. Makalioni polepole zaidi. Mpango unaofaa wengi ni tumbo asubuhi na paja jioni, bila kuchanganya. Ukiwa unakwenda kulima au kuendesha baiskeli, usichome paja: misuli ikifanya kazi, damu inapita kwa wingi na dawa inaingia kwa kasi.

8. Finya ngozi kwa vidole viwili au vitatu, si kiganja kizima, upate mafuta bila msuli. Ingiza sindano wima. Kwa mtoto au mtu mwembamba, ilaze nusu, iingie kwa mshazari. Sukuma dawa taratibu, hesabu mpaka kumi, ndipo uchomoe na kuachia ngozi. Ukichomoa mapema tone linarudi nje. Usisugue.

9. Kula baada ya nusu saa. Si dakika tano, kwa sababu chakula kitapita kabla dawa haijaamka, na utakuta sukari ya saa mbili baada ya kula iko juu kila siku. Wala si saa moja na nusu. Chakula kiwe kimekaribia kuiva kabla hujachoma. Ukisikia maharage bado yanachemka, subiri.

Mara inayofuata sogea upana wa kidole kutoka ulipochoma. Kila wiki, ukiwa unaoga, pitisha vidole vyenye sabuni tumboni na mapajani. Ukigusa uvimbe laini kama mpira, au sehemu ngumu, hapo ndipo ulipopazoea kwa sababu hapaumi tena. Insulini iliyochomwa kwenye uvimbe inaingia inavyotaka yenyewe. Pumzisha mahali hapo kwa miezi, na mweleze daktari kabla ya kuhamia ngozi nzima, kwa kuwa dozi ileile kwenye ngozi nzima inaweza kuwa kubwa mno na akalazimika kuipunguza.

Kupima bila kuchezea vijiti

Vijiti vya kupimia ni ghali kuliko mashine, kwa hiyo kila kimoja kitoe jibu la kweli. Aliyemenya embe akapima bila kunawa atasoma sukari ya embe. Choma ubavu wa ncha ya kidole, si katikati penye hisia nyingi. Kidole kikiwa baridi na damu haitoki, ning'iniza mkono chini na uukamue kutoka kiganjani; kukamua ncha kwa nguvu kunatoa maji ya mwili pamoja na damu. Kopo la vijiti lifungwe papo hapo kila ukitoa kimoja, maana unyevu wa Pwani unaviharibu kabla ya tarehe yake.

Angalia mashine inasoma kwa kipimo gani. Hapa kwetu nyingi ni milimoli kwa lita: 5.6, 9.2. Zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani zinasoma miligramu: 100, 165. Gawanya kwa 18 upate milimoli. Ikiandika HI, sukari imepita uwezo wa mashine, ambao kwa nyingi ni 33.3, na hiyo ni safari ya hospitali.

Malengo ya watu wazima wengi ni 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Mtoto, mjamzito, na mzee anayeishi peke yake wana malengo yao tofauti.

Kama unamudu vijiti sita kwa wiki, usivitawanye. Tumia siku tatu mfululizo, viwili kwa siku: asubuhi kabla ya chai, na jioni kabla ya sindano ya pili. Siku tatu zilizofuatana zinaonyesha mwelekeo, ambao kipimo kimoja kila Jumatatu hakiwezi kuuonyesha.

Kusoma daftari

Kanuni ya mchanganyiko ni fupi: sukari ya asubuhi inaisema dozi ya jioni iliyopita, na sukari ya kabla ya chakula cha usiku inaisema dozi ya asubuhi. Wengi wanafanya kinyume. Wakiamka na 12 wanaongeza dozi ya asubuhi hiyohiyo, na mchana wanatetemeka.

Tuseme mtu anachoma 20 asubuhi na 10 jioni. Daftari linasema asubuhi 11.4, 12.0, 10.9, jioni 7.1, 6.8, 7.5. Mchana uko sawa, usiguswe. Shida iko usiku, na ina milango mitatu: chakula cha usiku kikubwa au cha kuchelewa, dozi ya jioni ndogo, au sukari inayoshuka usiku kisha ikapanda alfajiri. Tumia kijiti kimoja saa tisa usiku. Kikisoma chini ya 4, dozi ya jioni inapunguzwa, ingawa asubuhi sukari iko juu. Kikisoma 9 au 10, na chakula ni cha kawaida, hapo kuna hoja ya kuongeza. Daktari kwa kawaida anaongeza yuniti 1 au 2, kama asilimia 10, kisha anasubiri siku tatu au zaidi kabla ya kugusa tena. Yuniti 2 za mchanganyiko si yuniti 2 za usiku: 0.6 inaangukia chakula cha usiku na 1.4 inakwenda na usingizi. Ndiyo maana siku hizo upime pia kabla ya kulala.

Ikiwa asubuhi ni 6 na jioni ni 13, uliza kwanza saa kumi alasiri kuna nini. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili hutosha kueleza hiyo 13. Ikiwa kabla ya chakula cha mchana unakuta 3.6, tazama ulichokunywa asubuhi. Chai ya rangi tupu haiwezi kuibeba sehemu ya haraka ya yuniti 20.

Kuhusu chakula chenyewe, kinachosaidia zaidi ni kiasi kisichobadilika. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako kila mchana ni rahisi kuupangia dozi kuliko ugali wa ngumi leo na sahani nzima kesho. Nusu ya sahani mboga za majani, robo wanga, robo maharage, dagaa au nyama. Juisi ya matunda, hata ya kukamua nyumbani, ihesabu kama soda.

Kipimo cha damu cha HbA1c kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, na lengo la wengi ni chini ya asilimia 7. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu kipimo hicho kinaweza kumdanganya. Kwake daftari ndilo la kuaminiwa.

Sukari ikishuka

Chini ya 4 ni sukari iliyoshuka. Dalili: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, macho kuona ukungu, na kwa wengine ukali usio na sababu. Huyo anayegomba saa sita mchana mpime kabla ya kumjibu. Usiku hujitokeza kama ndoto mbaya, shuka zilizolowa, na kichwa kinachouma asubuhi. Kama huna kijiti, tibu bila kupima.

Toa sukari gramu 15: vijiko 4 vya chai visivyo na kilima vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya mililita 300, ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Chapati, maziwa mazito na chokoleti haviwahi, mafuta yanachelewesha. Ngoja dakika 15, pima, rudia kama bado iko chini ya 4. Ikipanda, na chakula kiko mbali, kula ndizi moja au kipande cha mkate. Usimpe sukari nusu bakuli kwa hofu, utakesha na 18.

Aliyezimia asiwekewe chochote cha kumeza mdomoni, wala maji ya sukari, kwa kuwa yataingia mapafuni. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Huko atapewa glukosi ya mshipa. Waambieni wahudumu kwamba anatumia insulini na alichoma saa ngapi, hilo likiwa sentensi ya kwanza.

Kisha tafuta sababu siku hiyohiyo: mlo ulioruka, shamba, pombe, bomba jingine, ngozi mpya. Pombe hushusha sukari saa nyingi baadaye, hasa bila chakula. Glibenklamidi, kidonge cha kisukari, ikichanganywa na insulini huongeza hatari. Kwinini ya malaria nayo hushusha sukari, kwa hiyo aliyepewa kwinini apimwe mara kwa mara. Kinyume chake, dawa za steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni hupandisha.

Ukiugua

Kosa linaloua hapa ni hili: hajala, kwa hiyo tusimchome. Homa na maambukizi hupandisha sukari hata kwa tumbo tupu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiikosa, mwili unaanza kuyeyusha mafuta na damu inajaa ketoni, asidi zinazotokana na mafuta hayo. Usiache sindano. Dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa, kwa hiyo piga simu kliniki siku ya kwanza, si ya tatu. Pima kila saa nne, kunywa glasi ya maji kila saa. Kama chakula hakipiti na sukari iko chini ya 10 hivi, kunywa uji mwepesi au chai yenye sukari ili dawa ipate cha kufanyia kazi. Ukiwa na vijiti vya mkojo, pima ketoni kila sukari ikipita 14.

Nenda hospitali bila kungoja asubuhi ukiona kutapika kusikokoma, tumbo kuuma, pumzi ndefu za haraka, harufu ya matunda mdomoni, usingizi usio wa kawaida, au ketoni zenye alama mbili (++) kwenye kijiti cha mkojo. Mtoto huharibika kwa saa chache.

Dozi uliyosahau isirudishwe kwa kuichoma mara mbili safari inayofuata.

Ramadhani

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mjamzito mwenye kisukari, na aliyezimia kwa sukari kushuka miezi ya karibuni wamo kwenye hatari kubwa, na ushauri wa kitabibu ni wasifunge. Anayeamua kufunga aende kliniki wiki sita hadi nane kabla. Mpango wa kawaida kwa mchanganyiko ni dozi kubwa ya asubuhi kuhamia futari, na dozi ya jioni kuhamia daku ikiwa imepunguzwa kwa robo hadi nusu. Daku iliwe kwa kuchelewa. Kutoboa kidole kupima sukari hakufunguzi saumu, na bila kupima mpango huu haufai. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.7, fungua papo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana ilie.

Mabomba yaliyotumika, na safari

Bomba limetengenezwa la mara moja. Wengi wanalirudia kwa sababu ya bei. Anayelirudia asimpe mtu mwingine kamwe, asifute sindano kwa spiriti (inaondoa mafuta membamba yanayoifanya iteleze), airudishie kifuniko chake, na alitupe mara inapoanza kuuma au namba zikifutika. Yaliyokwisha yatie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko wa kuzungusha, kama ya sabuni ya maji. Ikijaa robo tatu ipeleke kliniki. Jalalani wanaokotea watoto.

Kwenye basi, insulini, bomba na sukari vikae kwenye mkoba ulio mapajani, si kwenye buti wala kwenye begi lililofungwa juu. Igawe dawa sehemu mbili ikiwa mnasafiri wawili. Ukipakia na barafu, zungushia chupa kitambaa isiguse barafu. Na usichome kabla ya basi kusimama pa kula na sahani kuonekana, kwa sababu kondakta akisema dakika kumi na tano huwa si dakika kumi na tano.